Gemu Zilizosalia Daftarini

Ukitajiwa Kabras, bila shaka fikira zako hukimbilia sukari au raga. Leo nakupeleka huko huko kwa jambo jingine: gemu za televisheni, tena si za kununuliwa dukani bali zilizotungwa na watoto wenyewe.

Nilikuwa Malava, kando ya barabara itokayo Kakamega kwenda Webuye. Katika kibanda cha fundi mmoja wa redio, chini ya rundo la spika, palikuwa na kibodi ya plastiki iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa. Nilidhani ni kompyuta. Kumbe ni mashine ya gemu, nakala ya Kichina ya ile Famicom ambayo Nintendo waliitoa Japani mwaka 1983. Baadhi ya nakala hizo zilikuja na kibodi, pamoja na kaseti yenye lugha ya BASIC.

Lugha hiyo ilibuniwa na John Kemeny na Thomas Kurtz katika chuo cha Dartmouth, Marekani, ikaanza kazi tarehe 1 Mei 1964, kusudi hata mwanafunzi asiyesomea sayansi aweze kuiamuru kompyuta. Kila mstari una nambari yake: 10, 20, 30. Kwa nini kumi kumi? Ili ukisahau neno, ulipachike kwenye 15 pasipo kuvuruga kazi nzima. (Lau sisi watunzi tungepewa neema hiyo, wapiga chapa wetu wangepumua.) Mwaka 1984 Nintendo, wakishirikiana na Hudson Soft na Sharp, waliitia BASIC katika kaseti ya Famicom. Mtunzi alipewa nafasi pungufu ya baiti 2,000. Kwa kipimo changu hazifiki beti thelathini za utenzi. Ila sanamu zilikuwamo tayari: Mario, pengwini, gari, chombo cha angani.

Basi fundi akavuta mtoto wa meza, akatoa daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma yake. Ndani, kwa penseli, mistari ishirini na kitu.

"Hii ilikuwa lori ya miwa, Mzee," akaniambia. "Na pengwini ndiye ng'ombe. Ng'ombe hakuwamo kwenye kaseti."

Kibodi yake haikuwa na njia ya kuhifadhi chochote. Stima ikipotea, gemu imekufa. Kwa hiyo yeye na nduguye waliinakili daftarini, na kila jioni mmoja akisoma, mwenziwe akipiga herufi upya. Nikamweleza habari za chuoni kwetu, jinsi tulivyoandika aya ubaoni, tukahifadhi, kisha ubao ukaoshwa. Akacheka. "Nyinyi mlikuwa na kifua. Hii mashine haina."

Mimi nasema daftari lile ni mswada, na nasikitika kufikiri ni mangapi mfano wake yaliyoishia kufungia njugu. Hata hili halikuwa salama, kwani mchwa walikuwa wamekula ncha ya ukurasa, na mistari mitatu ya mwisho haikusomeka. Fundi alipiga mingine yote, akakwama hapo. Hakukumbuka alama zilihesabiwaje. Akampigia simu nduguye aliye Nairobi, naye akajibu kwamba alama hazikuwako kabisa: lori likifika kiwandani, umeshinda.

Fundi akaandika mistari mitatu mipya, akaamuru RUN. Gari dogo likajitokeza katika uwanja mweusi, pengwini akikatiza mbele yake. Bintiye, aliyekuwa ametoka shuleni, akapokea vidhibiti, akamgonga ng'ombe mara mbili, kisha akalalamika kwamba lori linakwenda polepole mno. Babake akamwonyesha nambari ya mwendo. Katika lugha hii nambari ikipungua ndipo kasi huzidi, jambo ambalo binti alilipinga mpaka alipoona kwa macho yake. Akaacha 3 na kuendelea kucheza.

"Iandike kwanza," fundi akamwambia, akimpa penseli. "Stima ya hapa haipigi hodi ikitoka."