Kisukari na Figo: Kinachorithiwa (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliona jinsi sukari iliyozidi katika damu inavyochakaza vichujio vya figo mwaka baada ya mwaka. Leo tuna swali gumu zaidi. Ndugu wawili wa Karatina wote wana kisukari. Mbona mmoja anaishia kwenye mashine ya kusafisha damu Nyeri mjini, na mwenzake anazeeka na figo nzima?

Sukari peke yake haijibu swali hilo. Katika kila wagonjwa watatu wa kisukari, takriban mmoja hupata ugonjwa wa figo. Mwaka 1989 watafiti wa Minnesota, Marekani, walichunguza familia zenye wagonjwa wa kisukari zaidi ya mmoja. Pale ambapo mgonjwa wa kwanza alikuwa ameharibikiwa figo, asilimia 83 ya ndugu zake wenye kisukari nao walionyesha dalili. Pale ambapo figo zake zilikuwa salama, ni asilimia 17 tu. Kula chungu kimoja hakutoshi kueleza pengo kubwa hivyo.

Basi ni jeni ipi? Si moja. Mwaka 2019, utafiti wa watu karibu 20,000 wenye kisukari cha aina ya kwanza, wote wa asili ya Ulaya, ulionyesha kwamba badiliko katika jeni COL4A3, inayosaidia kujenga utando wa kichujio cha figo, huwakinga wanaolirithi. Kwa watu wa asili ya Afrika inayotajwa zaidi ni APOL1, iliyotambuliwa mwaka 2010. Mabadiliko yake humkinga mtu na aina ya malale, lakini anayeyarithi kwa baba na kwa mama pia huwa hatarini kupoteza figo. Kwa mwenye kisukari, huharakisha ugonjwa ambao tayari umeanza.

Hapa msomaji wa Nyeri, Kerugoya au Meru awe mwangalifu. Mabadiliko ya APOL1 yamejaa Afrika Magharibi, kwa Wayoruba na Waigbo. Ethiopia karibu hayapo. Habari nyingi tulizo nazo zinatokana na Wamarekani weusi, ambao mababu zao wengi walitoka magharibi mwa bara hili. Kuwapimia watu wa Mlima Kenya hatari yao kwa vipimo hivyo ni kukosa haki. Tunahitaji utafiti wa damu yetu wenyewe, na Nyeri ilistahili kuwa mbele: mwaka 2018 ilikuwa miongoni mwa kaunti nne za majaribio ya afya kwa wote, na mzigo wake wa magonjwa yasiyoambukiza ulijulikana.

Hadi hapo, ushahidi mkubwa wa urithi tulio nao ni historia ya familia, nasi tunaizika pamoja na wafu wetu. Tangazo la kifo husema marehemu aliugua kwa muda mrefu, basi. Wajukuu hawaambiwi kwamba nyanya alivimba miguu, wala kwamba mjomba alikuwa akienda kusafishwa damu mara mbili kwa wiki. Daktari akiwauliza, hawana la kusema.

Mwenye kisukari ambaye ndugu yake ameugua figo amwambie daktari siku ya kwanza. Mkojo wake upimwe protini ya albumini kila mwaka, bila kungoja kuvimba, maana uvimbe huja figo zikiwa zimeumia sana. Albumini ikionekana mapema, enalapril au losartan hupunguza kasi ya uharibifu, hata kwa aliyezaliwa na jeni mbaya. Na dawa kali za maumivu kama diclofenac, zinazonunuliwa dukani bila kuulizwa, asizinywe kiholela.

Wiki ijayo: presha na figo.