Ukurasa mtupu siku ya habari nzito: kwa nini tunavua picha na matangazo

Wasomaji kadhaa wameniuliza kwa nini siku za matukio makubwa ukurasa wetu wa habari za moja kwa moja huwa mtupu. Hauna picha, hauna video, hauna matangazo. Ni maandishi na saa pembeni, basi. Mmoja alitaka kujua kama tumefilisika. La, alhamdulillahi, hatujafilisika. Ukurasa ule huvuliwa kwa makusudi. Leo nitaeleza sababu kwa mfano wa Oktoba 2024, wakati Naibu Rais Rigathi Gachagua alipobanduliwa, nami nikifuatilia mambo kutoka Nyeri.

Huenda ukauliza tovuti ya Pwani ilitafuta nini Nyeri. Gachagua ni mtu wa Mathira, katika kaunti hiyo, na mji wa soko wa eneo lake ni Karatina. Lakini kesi yake katika Seneti iliongozwa na mtu wetu, Spika Amason Kingi, aliyekuwa gavana wa Kilifi. Tena kuna la karibu zaidi. Mpeketoni, kule Lamu, zipo familia nyingi zenye asili ya Mlima Kenya, zilizopewa mashamba miaka ya 1970 kupitia mpango wa makazi wa Ziwa Kenyatta. Mashambulizi ya Juni 2014 yaliua watu zaidi ya 60 huko na vijiji vya jirani. Kwa hivyo neno moja likiandikwa vibaya kuhusu "watu wa Mlima", halibaki Nyeri. Linasafiri hadi mlangoni kwa jirani yako.

Seva huzidiwa vipi

Seva ni kompyuta inayokuletea ukurasa kila unapouomba. Siku ya kawaida haina taabu. Siku ya taharuki kila mtu anataka ukurasa uleule, kwa dakika ileile, na akiona kimya anaufungua upya, na upya tena.

Tufanye hesabu. Tuseme wasomaji 12,000 wanafuatilia, na kila mmoja anafungua upya kila baada ya sekunde 30. Hayo ni maombi 400 kwa sekunde. Ukurasa wenye picha na matangazo ukiwa na uzito wa MB 2, seva inatakiwa kusukuma MB 800 kila sekunde. Seva ya kukodi kwa bei nafuu, inayotumiwa pamoja na tovuti nyingine, haiwezi. Inasimama.

Uzito wa faili si shida pekee. Tovuti nyingi hutengeneza ukurasa upya kwa kila msomaji: zinachota habari kwenye hifadhidata, zinapanga, ndipo zinatuma. Ni kama mpishi wa mahamri anayekanda unga upya kwa kila mteja anayesimama mbele yake. Wateja wakiwa watatu anamudu. Wakiwa mia tatu, hata wa kwanza hapati hamri lake.

Hilo ndilo lililotupata Jumanne ya Oktoba 8, Bunge la Kitaifa lilipopiga kura. Kampuni iliyokuwa ikituhifadhia tovuti ilitufungia kwa kuwa tumepitisha kiwango, na simu zetu hazikupokelewa hadi kesho yake. Tulikuwa na siku chache tu kabla ya Seneti kuketi Oktoba 16.

Tulichopunguza

La kwanza, tulikaanga mahamri mapema. Ukurasa ukawa unatengenezwa mara moja kila kunapoingia taarifa mpya, kisha nakala hiyohiyo inatolewa kwa wote. Nakala hizo zikawekwa kwa kampuni ya usambazaji yenye seva katika miji mbalimbali, ili msomaji apate yake kutoka iliyo karibu naye na seva yetu ipumue.

La pili, tulivua ukurasa. Kutoka MB 2 ukashuka hadi chini ya KB 40. Mashirika makubwa pia yamewahi kufanya hivyo. Septemba 11, 2001, Marekani iliposhambuliwa, tovuti ya CNN ilizidiwa hadi ikabaki na maneno machache na picha moja.

La tatu, tuliondoa haja ya kufungua upya. Ukurasa wenyewe huuliza kila nusu dakika, "kuna jipya?" Kama halipo, jibu ni fupi. Kama lipo, inaletwa taarifa mpya peke yake. Kila simu huuliza kwa sekunde yake, wasije wote wakagonga mlango kwa pamoja. Jibu likiwa la KB 2, wale wasomaji 12,000 wanahitaji takriban KB 800 kwa sekunde badala ya MB 800. Ni mzigo ule ukigawanywa mara elfu.

Faida si ya seva peke yake. Msomaji anayefungua ukurasa wa MB 2 kila nusu dakika hula MB 240 kwa saa. Hilo ni bando la siku nzima kwa kijana wa bodaboda Karatina au mvuvi wa Faza. Kwa njia ya pili, saa nzima haifiki hata MB 1. Na mtandao unapolegea kwenye vilima vya Othaya, maandishi hupita pale video inapokwama.

Ufunguo kwa mtu mmoja

Ukurasa mwepesi hausaidii kama chumba cha habari kina vurugu. Tuligawana kazi hivi: mmoja anatazama Seneti na kuandika, mwingine anapokea simu za waandishi wa nje, wa tatu ni mhariri wa zamu. Huyu wa tatu ndiye peke yake mwenye ruhusa ya kuchapisha. Mimi niliyekuwa Nyeri sikuwa na ufunguo huo. Nilipiga simu, nikasema nilichokiona na kukisikia, wakaandika Mombasa. Nilibeba laini mbili za mitandao tofauti, na nilipokosa intaneti nilituma ujumbe mfupi wa kawaida. Hata mulika mwizi inaweza kuleta habari.

Ametoka au hajatoka?

Kwenye matatu kati ya Nyeri na Karatina, swali lilikuwa moja: ametoka au hajatoka? Jibu lilibadilika mara kadhaa, na hapo ndipo habari za moja kwa moja huponyoka.

Oktoba 8, wabunge 281 waliunga mkono hoja. Wengi wakaandika kwamba ameondolewa. Bado. Katiba, Ibara ya 145 na 150, inalipa Bunge kazi ya kushtaki. Kuamua ni kwa Seneti. Maseneta nao hupigia kura kila shtaka peke yake, na likipita hata moja kwa thuluthi mbili, mtu ameondoka. Mashtaka yalikuwa 11. Usiku wa Oktoba 17 yalithibitishwa matano. Mwandishi asiyeijua kanuni hii angesubiri kura ya 11 ndipo aseme lolote, au angedhani mashtaka yaliyoanguka yamemwokoa.

Ijumaa, Oktoba 18, Bunge likamwidhinisha Profesa Kithure Kindiki, mwana wa Tharaka Nithi, upande mwingine wa Mlima. Siku hiyohiyo Mahakama Kuu ya Kerugoya, Kaunti ya Kirinyaga, ikasitisha kuapishwa kwake, na ya Nairobi ikatoa amri kama hiyo. Nyeri, baadhi ya watu wakaanza kushangilia kwamba Gachagua amerudi kazini. Amri haikusema hivyo.

Ndiyo maana juu kabisa ya ukurasa tunaweka kisanduku cha "Hali ilivyo sasa". Siku ile kilikuwa na sentensi nne: Seneti imemwondoa Gachagua. Bunge limemwidhinisha Kindiki. Mahakama imesitisha kuapishwa. Hakuna aliyeapishwa. Aliyeingia akiwa amechelewa hakuhitaji kushuka chini kusoma taarifa themanini. Mambo yalibaki hivyo hadi majaji watatu walipoondoa zuio Oktoba 31, na Kindiki akaapishwa Novemba 1.

Usiku wa Ijumaa ni upi?

Hapa lugha yetu ina mtego. Kwetu siku huanza jua likizama, kwa hivyo mzee wa Mji wa Kale akisema "usiku wa Ijumaa" anakusudia usiku unaofuata mchana wa Alhamisi. Msomaji wa Nyeri ataelewa Ijumaa usiku. Seneti ilipiga kura usiku wa kuamkia Ijumaa. Amri za mahakama zilikuja Ijumaa yenyewe. Ukiandika "usiku wa Ijumaa", nusu ya wasomaji watadhani Seneti iliamua baada ya mahakama kusema. Sasa kanuni yetu ni kuandika "Alhamisi usiku, Oktoba 17". Na saa hatuiachi peke yake: ni saa nane mchana au saa nane usiku, kwa kuwa pembeni mtambo umeandika 14:00 au 02:00.

Uvumi hauwekwi ukurasani

Alhamisi ile mchana wakili Paul Muite aliwaambia maseneta kwamba mteja wake amelazwa hospitalini. Kwa muda mfupi simu yangu ilijaa jumbe za kila namna kuhusu afya yake. Tulichapisha kauli ya wakili, tukaitaja kuwa ni kauli ya wakili, na kwamba maseneta walikataa kuahirisha. Mengine tukayaacha. Wahenga walisema lisemwalo lipo, lakini msemo huo haumfai mhariri wa zamu.

Nyeri inalo funzo la zamani juu ya hili. Februari 6, 1952, Mfalme George VI alifariki Uingereza, bintiye Elizabeth akiwa Kenya. Habari ilifika kwa mdomo wa mwanahabari katika hoteli ya Outspan mjini Nyeri, ikapigiwa simu Sagana Lodge. Msaidizi wa Philip, Mike Parker, hakukimbilia kuisema. Alifungua redio kwanza, akahakikisha, ndipo akamwambia Philip, naye akamwambia mkewe. Taarifa ile ilikuwa nzito kuliko zetu zote, na bado ilingoja dakika za kuhakikishwa.

Kwa hivyo, msomaji, siku nyingine ukiukuta ukurasa wetu mtupu, usiugonge-gonge, utajiongeza wenyewe. Soma kisanduku cha juu kwanza. Ukiona kimya cha dakika kumi, usidhani tumelala. Mara nyingi tuna habari mkononi na tunatafuta mtu wa pili wa kuithibitisha. Na kama wewe uko Kerugoya, Nanyuki au Mpeketoni na umeona jambo kwa macho yako, tupigie. Usitutumie ujumbe uliosambazwa na wengi. Tuambie ulikuwa wapi, saa ngapi, na uliona nini.