Kutoka Kisiwa Hata Kisiwa

Watu wasioijua bahari hudhani kwamba msafiri wa tanga yumo hatarini akiwa mbali na nchi kavu, na kwamba akikiona kisiwa amekwisha kuokoka. Mabaharia hawasemi hivyo. Katika bahari kuu hakuna mwamba wa kugonga. Miamba na mikondo mikali hukaa karibu na visiwa.

Palikuwa na nahodha mmoja wa Marekani, jina lake Joshua Slocum. Tarehe 24 Aprili, 1895, aliondoka Boston katika chombo chake Spray, ambacho urefu wake haukutimia futi 37, naye akarudi kwao mwezi wa Juni, 1898. Ndiye mtu wa kwanza kuizunguka dunia kwa tanga peke yake. Njiani alitua visiwa vingi. Katika Azores alipewa matunda na jibini nyeupe, akala kupita kiasi. Baharini tumbo likamkata hata akalala sakafuni, huku dhoruba ikivuma. Katika Juan Fernandez aliwafundisha wenyeji kukaanga maandazi. Kutoka hapo hata Samoa alikaa siku 72 bila kutia nanga.

Mwaka 1897 alitoka Thursday Island, kaskazini ya Australia, kwenda visiwa vya Keeling katika Bahari ya Hindi, maili 2,700. Upepo wa kusini-mashariki, ndugu wa kusi yetu, ulivuma sawasawa. Naye aliyapanga matanga vizuri, akaufunga usukani, na chombo kikajiendea chenyewe. Katika siku 23 hakuushika usukani zaidi ya saa tatu.

Basi, visiwa vya Keeling vimekaa kama pete, na katikati yake mna maji matulivu. Siku moja Slocum alipanda mashua mbovu pamoja na Mwafrika mmoja aliyekuwa huko, ili kuyavuka maji hayo. Ghafula upepo mkali ukalichukua tanga lililooza, nao wakaanza kuchukuliwa kuelekea bahari kuu. Wakatafuta makasia, hawakuona hata moja. Nanga ilikuwamo, lakini kamba yake ilikuwa fupi mno. Mbele yao hapakuwa na pwani ila ya Afrika hii yetu, mbali kama maili 3,000, wala hawakuwa na tone la maji ya kunywa. Bahati yao mlikuwa na upondo. Slocum akaupiga kama kasia kwa nguvu zake zote. Upepo nao ukageuka kidogo, wakafika penye maji haba, wakajisukuma mpaka ufukoni.

Katika kitabu chake Slocum amemwita mwenziwe mzembe. Lakini nahodha naye alipanda bila kutazama makasia!

Huko St. Helena alipewa mbuzi, naye mbuzi akaitafuna ramani ya visiwa vya West Indies. Slocum akamshusha Ascension, akaendelea na safari bila ramani hiyo.