Watoto Wetu Wafundishwe Kusoma Mawingu

Ndugu wapiganaji, na ndugu zetu wa polisi, wiki hii tumeona yafaa tuweke kando habari za magwaride na michezo, tuzungumze juu ya somo ambalo wengi wetu tulilisoma shuleni, tukalifaulu katika mtihani, kisha tukalisahau kabla wino haujakauka. Somo lenyewe ni la hali ya hewa na ardhi: mawingu, mvua, upepo, radi na udongo wa milimani. Huenda baadhi yenu mkauliza, hayo yanamhusu nini askari? Yanamhusu kwa sababu mbili. Kwanza, askari ni mzazi. Pili, maafa yatokeapo, askari ndiye huitwa kwanza kubeba machela na kuandika majina ya waliokufa.

Tarehe 28 Juni 2011, radi ilipiga Shule ya Msingi ya Runyanya, wilayani Kiryandongo. Wanafunzi 18 walifariki na makumi ya wengine wakajeruhiwa. Watoto hao hawakuwa wakicheza porini wala kuchunga ng'ombe uwandani; walikuwa darasani, mahali ambapo mzazi huamini kwamba mwanawe yu salama. Mwezi Agosti 2020, karibu na mji wa Arua, watoto 10 waliokuwa wakicheza mpira walikimbilia kibanda ili wajikinge na mvua, nao wakapigwa na radi, wakafa. Kisha tarehe 2 Novemba 2024, katika kambi ya wakimbizi ya Palabek, wilayani Lamwo, watu 14 waliuawa na radi wakiwa ibadani, na wengine 34 wakajeruhiwa. Aliye makini ataona kwamba katika visa vyote vitatu watu walikuwa ndani, chini ya paa. Jambo hilo tutalirudia.

Nchi yetu ya Uganda haina budi kuishi na radi. Ziwa Victoria, lenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, ni mtambo mkubwa wa kutengeneza mawingu. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, hewa yake hupanda, na upepo wenye unyevu huvuta kutoka ziwani; ndipo tunapata mvua za alasiri. Usiku mambo hugeuka: maji hubaki na joto lake, upepo hutoka nchi kavu na kukutana katikati ya ziwa, na wavuvi hukutwa na dhoruba gizani. Vitabu vya rekodi za dunia viliwahi kuitaja Tororo kuwa, kati ya mwaka 1967 na 1976, ilisikia ngurumo kwa wastani wa siku 251 kila mwaka. Nao wataalamu wanaohesabu mimweko ya radi kwa kutumia satelaiti wametambua kwamba milima ya mashariki ya Kongo, ambako baadhi yetu tumetumikia, ndiyo inayoongoza barani Afrika. Wenzetu waliolala katika mahema kule hawahitaji satelaiti kuwathibitishia hayo.

Basi mtoto wa nchi ya namna hii hufundishwa nini? Hapa ndipo penye kasoro, nasi tutaieleza kwa kujitolea mfano wenyewe.

Tulipokuwa katika chuo cha kadeti, siku moja tulipelekwa kilimani kufanya zoezi la kusoma ramani. Ilipokaribia saa tisa alasiri wingu jeusi lilitanda, na matone makubwa yakaanza. Mwalimu wetu, ambaye jina lake halina faida hapa, alituamuru tujibanze chini ya mti mkubwa uliosimama peke yake, bunduki zikiegemezwa shinani. Kati yetu walikuwapo vijana waliopata alama za juu kabisa katika jiografia. Mmoja aliweza kutaja jamii zote kumi za mawingu kwa majina yake ya Kilatini, bila kukosea hata moja. Wote tulikuwa tumesimama chini ya wingu la kumulonimbasi, lile lenye kichwa kipana kama fuawe ambalo kilele chake hapa karibu na ikweta huweza kupita kilomita 15 juu. Tulikuwa tumelichora daftarini mara nyingi. Hapana aliyefungua kinywa.

Radi ilipiga mti wa jirani, hatua arobaini hivi kutoka tulipokuwa. Wenzetu wawili walianguka kama waliokatwa miguu. Tunasikitika kusema kwamba kwa muda hapana aliyewagusa, kwani sote tuliamini kuwa mtu aliyepigwa na radi hubaki na umeme mwilini. Mungu alisaidia, wakazinduka wenyewe. Mmoja alikaa siku tatu masikio yakimvuma na miguu ikimfa ganzi. Jioni katika messi, mabishano hayakuwa juu ya mti wala kilima. Yalikuwa juu ya fulana nyekundu ambayo mwenzetu mmoja alikuwa ameivaa ndani ya gwanda.

Tulikuwa na vyeti, ila maarifa ya kututoa chini ya mti ule hatukuwa nayo.

Sasa tuseme yale ambayo mtoto wa darasa la tano aweza kuyaelewa vizuri, hata na baba yake kopro akayaelewa pia. Mwanga hufika machoni papo hapo, lakini sauti husafiri mita zipatazo 340 kwa sekunde. Kwa hiyo, uonapo mmweko, anza kuhesabu sekunde mpaka usikie ngurumo, kisha gawanya kwa tatu. Jibu lako ni umbali wa radi kwa kilomita. Ukihesabu thelathini, radi iko umbali wa kilomita kumi, na yaweza kukufikia wewe bila ya onyo jingine. Hesabu ikiwa chini ya thelathini, mchezo uishe na watu waondoke uwanjani. Wasirudi mpaka zipite dakika thelathini tangu ngurumo ya mwisho. Wengi hupigwa kwa kurudi mapema, mvua ikiwa imekwisha na jua limechomoza.

Kadhalika afundishwe jinsi radi inavyoua. Ni wachache tu wanaopigwa moja kwa moja kichwani. Wengi huuawa na umeme unaosambaa ardhini kutoka pale ilipopiga, ukipanda mguu mmoja na kushuka mwingine. Ndiyo sababu ng'ombe hufa wengi kwa pigo moja: miguu yao ya mbele na ya nyuma imeachana sana. Wengine huuawa na cheche inayoruka kutoka kwenye mti kumfikia aliyeuegemea. Mtoto akishayajua haya, habari ya nguo nyekundu hujifia yenyewe, wala hapana haja ya kumkemea bibi yake aliyemsimulia.

Kwa askari tungependa kuongeza mawili. Gari lenye bodi kamili ya chuma, madirisha yakifungwa, ni kinga njema. Kinachokinga si matairi ya mpira, kama wengi wadhanivyo, ila ile bodi, ambayo huupitisha umeme pembeni hadi ardhini. Lori lenye turubai si kinga, na hema halikingi kitu. La pili, aliyepigwa na radi hana umeme wowote mwilini. Mguse mara moja, na kama hapumui na moyo umesimama, anza kumkandamiza kifua na kumpulizia pumzi bila ya kungoja gari. Wapo wengi waliopotea kwa sababu jirani zao walisimama kando wakiogopa.

Radi si sura pekee ya somo hili. Tarehe 1 Machi 2010, baada ya mvua nyingi, upande wa mlima Elgon uliporomoka juu ya kijiji cha Nametsi, wilayani Bududa, ukafukia mamia ya watu. Mitambo mikubwa haikuweza kupanda kule. Wapiganaji wetu walichimba kwa majembe na sepeto. Waliokuwapo hawapendi kusimulia. Mlima ule hutoa dalili: nyufa katika shamba, miti inayoinama upande mmoja, chemchemi inayotokea mahali ambapo haikuwapo, mto unaogeuka rangi au kupungua ghafla wakati mvua ingali ikinyesha. Mtoto anayekwenda kuchota maji kila alfajiri huziona dalili hizo kabla ya afisa yeyote wa serikali. Ila mtoto asiyefundishwa ataona ufa, auruke, aendelee na safari yake.

Mwezi uliopita tulitembelea shule moja ya msingi iliyomo ndani ya kambi yetu mojawapo. Huko tulimkuta mwalimu wa kike, mke wa sajini, aliyechoka kufundisha mawingu kwa kuchora ubaoni. Amekata chupa ya plastiki, akageuza shingo yake iwe kama mpare, akabandika rula pembeni. Hicho ndicho kipimamvua. Amejenga kwa mbao kile kisanduku cheupe chenye mianya, alichobuni mhandisi Mskoti Thomas Stevenson katika karne ya 19, ili kipimajoto kikae kivulini huku kikipata upepo. Kila siku saa tatu asubuhi watoto wawili husoma vipimo na kuviandika katika daftari kubwa. Daftari lile sasa lina miaka mitatu. Tuliambiwa na mtoto mmoja, kwa sauti ya mtu anayemweleza mgeni mjinga, kwamba hali ya hewa ni ya leo na kesho, bali tabianchi huhitaji vipimo vya miaka thelathini. Kwa hiyo imebaki miaka ishirini na saba.

Hesabu nayo imepata faida. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Watoto wamepima paa la darasa lao wakapata mita za mraba 240. Waulize mvua ya jana ingejaza mapipa mangapi, watakujibu kabla hujatoa kalamu mfukoni.

Alasiri ile mawingu yalikusanyika upande wa ziwa. Watoto walikuwa uwanjani. Mmweko ulipotokea, tulimsikia msichana mmoja akihesabu kwa sauti, na wenzake wakaacha mpira ukijiviringisha peke yake.

“Mwalimu, tisa!”

“Tisa ni nini?”

“Kilomita tatu.”

Hakuna aliyepiga filimbi. Watoto zaidi ya mia mbili waliondoka uwanjani kwa utaratibu ambao kruti wetu wengi wangeuonea haya, wakaingia madarasani. Tulimpongeza mwalimu kwa dhati. Yeye hakutabasamu.

“Afande,” alisema, “mimi nimewafundisha kukimbia. Wewe nawe uniambie wakimbilie wapi.”

Tukatazama lile jengo. Ni la matofali na mabati, kama madarasa mengi nchini. Halikuwa na chuma cha kukingia radi wala waya wa kuuteremsha umeme ardhini. Runyanya watoto walikuwa chini ya paa, Arua walikuwa chini ya paa, Palabek vilevile. Mtoto aliyehesabu tisa na kukimbilia jengo lisilo na kinga amefanya yote tuliyomfundisha, na bado hayuko salama. Hatua mia mbili kutoka pale lipo ghala la risasi, lenye fimbo za kukingia radi katika kila pembe. Ni haki ghala liwe nazo, wala hapana askari atakayebisha. Lakini tulisimama mvuani tukitazama huku na huku, na kwa mara ya kwanza katika kazi yetu ya kusema na umma tulikosa la kusema.

Hapa Uganda lipo shirika la ACLENet, lenye makao Kampala, ambalo limekuwa likiweka kinga za radi katika shule na kuwafundisha walimu na watoto wakati huohuo. Tunaona huo ndio mpango ulio sawa, waya na somo kwenda pamoja. Shule ni nyingi mno kwa shirika moja, na kambi zetu zina mafundi wao.

Basi siku ya pili tulimwendea afisa wa wahandisi wa kikosi kile. Alitusikiliza, akasema waya wa shaba ni ghali na huibwa, akataja chuma kilichopakwa zinki, kisha akachukua utepe wake wa kupimia akatufuata mpaka shuleni bila ya maneno mengi. Watoto walimshikia ncha ya utepe kuzunguka jengo zima. Gharama zimekwisha andikwa na barua imepelekwa kwa wakubwa. Tutawaarifu jibu litakapofika. Mvua ya alasiri ile, kwa mujibu wa daftari, ilikuwa milimita 38, na msichana yule alitukumbusha kwamba ni mapipa zaidi ya 45.