Mashine 321: Kwa Nini Saa ya Zamani Inaizidi Mpya Bei

Ukiweka mezani saa mbili za Omega Speedmaster, moja ya 1966 na nyingine ya 1970, asiyezijua saa hizi ataziona pacha. Zote zina uso mweusi, na vitufe viwili vya kupimia muda viko palepale. Lakini mkusanyaji hulipia ile ya 1966 fedha nyingi zaidi, na sababu iko chini ya mfuniko wa nyuma: mashine iitwayo 321.

Mashine hiyo ilibuniwa na Albert Piguet wa kiwanda cha Lemania, Uswisi, miaka ya 1940. Haina betri, unaitia ufunguo kwa mkono, springi inajikaza, kisha inaachia nguvu kidogokidogo. Kiungo chake kinachosifiwa zaidi ni kigurudumu chenye nguzo ndogo zilizosimama wima. Ukibonyeza kitufe, kigurudumu husogea hatua moja: wenzo mmoja unainuliwa na nguzo, mwingine unadondokea kwenye uwazi kati ya nguzo, na mshale wa kupimia sekunde unaanza safari. Nguzo hizo zinataka uchongaji makini, na kila wenzo unataka fundi wa kuurekebisha hadi ukae sawasawa. Anayekijua kitufe cha 321 hutambua ulaini wake kwa kidole tu.

Mwaka 1968 Omega ilianza kuhamia mashine 861. Humo, kazi ya nguzo inafanywa na kipande bapa cha chuma kinachosukumwa huku na huku, ambacho ni rahisi kutengeneza kwa wingi na hakisumbui kurekebisha. Na tuseme kweli, 861 si mashine mbovu. Inapiga mara 21,600 kwa saa, 321 mara 18,000, na mapigo ya haraka husaidia saa isiyumbe mkono unapotikisika. Anayekuambia kwamba mashine za zamani hushika majira kuliko mpya anakupotosha. Saa ya betri ya bei ndogo huzishinda zote mbili.

Basi mkusanyaji analipia nini? Analipia kwanza kazi ya mikono ambayo kiwanda kiliiacha ili kupunguza gharama. Analipia pia historia: Julai 1969 Buzz Aldrin alipotembea mwezini, Speedmaster aliyoivaa ilikuwa na 321, ingawa kiwandani zamu ya 861 ilikwishaanza.

Sababu ninayoipa uzito kuliko zote ni matengenezo. Ndani ya 321 kuna chuma, shaba na vito vidogo. Kipande kikilika, fundi saa hodari mwenye mashine ya kukereza na tupa anaweza kuchonga kingine, leo au miaka hamsini ijayo. Saa nyingi za kifahari za sasa zina vipande vya silikoni. Silikoni ina faida za kweli: haivutwi na sumaku wala haihitaji mafuta mengi. Lakini haichongwi kwa tupa. Hutengenezwa kwa mitambo maalumu, na ikivunjika hakuna njia ila kusubiri kiwanda. Siku kiwanda kikiacha kutoa kipande hicho, mwenye saa atakwenda wapi?

Omega yenyewe imeirudia 321. Mwaka 2020 ilitoa Speedmaster ya chuma yenye mashine hiyo iliyotengenezwa upya, kila saa ikiunganishwa na fundi mmoja, kwa bei iliyozidi mara mbili ya Speedmaster ya kawaida. Sijui ushahidi mzito kuliko huo kwamba wakusanyaji hawakuwa wakifuata ndoto.

Bei inapokuwa kubwa hivi, wajanja nao hawakosekani. Zipo saa zenye ganda la zamani na mashine iliyopachikwa baadaye. Usitoe fedha kabla fundi saa unayemwamini hajafungua mfuniko mbele yako, ukaiona 321 imechorwa kwenye mashine, na namba ya mfululizo iliyo kando yake ikalingana na mwaka uliotajiwa.