Apollo 13: Oksijeni ilikuwepo, hatari ilikuwa kwenye pumzi zao

Katika filamu ya Apollo 13 kuna dakika chache ambazo nimezirudia kuliko sehemu nyingine yoyote. Roketi haionekani, mwezi hauonekani. Kuna chumba tu huko Houston, meza, na wahandisi waliovaa mashati meupe na tai. Mmoja anamwaga mezani boksi zima la vitu: mipira ya kupitishia hewa, mifuko ya plastiki, majalada ya karatasi ngumu, tepu. Kazi yao ni kuufanya mkebe wa mraba ufanye kazi kwenye tundu la duara, na hawaruhusiwi kutumia chochote ambacho wanaanga hawanacho kule juu.

Nilipoitazama mara ya kwanza, kwenye mkanda wa video nikiwa bado mwanafunzi, niliamini wanahangaikia oksijeni. Si tangi la oksijeni ndilo lililolipuka? Nilikuja kuelewa miaka mingi baadaye kwamba mle ndani oksijeni ilikuwepo ya kutosha, na ilibaki hata waliporudi. Kilichokuwa kinawanyemelea ni hewa iliyotoka kwenye mapafu yao wenyewe. Tangu nilipolijua hilo, nimeacha kuiona kama filamu ya roketi. Kwangu ni filamu ya mwili wa binadamu.

Ron Howard aliiongoza mwaka 1995, Tom Hanks akiwa Jim Lovell, kamanda wa safari. Msingi wake ni kitabu alichokiandika Lovell mwenyewe pamoja na Jeffrey Kluger. Safari yenyewe, ya kwenda mwezini, ilianza Florida tarehe 11 Aprili 1970. Siku mbili baadaye, kiasi cha kilomita 330,000 kutoka duniani, tangi namba 2 la oksijeni likalipuka. Uchunguzi ulionyesha kwamba swichi za kudhibiti joto ndani ya tangi hilo zilitengenezwa kwa umeme wa volti 28, lakini wakati wa majaribio ardhini ziliunganishwa na volti 65. Zikaungua na kugandana. Joto likapanda kupita kiasi, likaharibu ngozi ya nyaya, na hakuna aliyejua mpaka siku cheche iliporuka.

Chombo kikuu, Odyssey, kilitumia oksijeni hiyo kuzalisha umeme na maji. Ikabidi kizimwe. Lovell, Jack Swigert na Fred Haise wakahamia Aquarius, chombo kilichokusudiwa kuteremsha watu wawili mwezini na kuwahifadhi kwa siku mbili hivi. Sasa kilitakiwa kuwahifadhi watatu kwa karibu siku nne.

Hapo ndipo hesabu ya pumzi inapoanza. Hewa tunayovuta ina kabonidayoksaidi kidogo mno, kama sehemu 4 katika kila 10,000. Hewa tunayotoa ina kama sehemu 4 katika kila 100. Mtu mzima hutoa karibu kilo moja ya gesi hiyo kwa siku. Nyumbani hatuioni hesabu hii kwa sababu dirisha liko wazi, upepo unapita, na hata hewa ya joto inayotoka puani hupanda yenyewe na kuondoka. Angani, mahali pasipo na uzito, hewa ya joto haipandi. Feni zikisimama, pumzi uliyoitoa hubaki imetanda mbele ya uso wako, na utaivuta tena.

Jaribu kubana pumzi. Ile hali ya kifua kutaka kupasuka baada ya nusu dakika au dakika moja haitokani na kuishiwa oksijeni. Damu yako bado inayo nyingi. Inatokana na kabonidayoksaidi kujaa. Ikiyeyuka kwenye damu huongeza asidi, na sehemu ya chini ya ubongo, pale unapoungana na uti wa mgongo, huhisi mabadiliko hayo na kuamuru mapafu yafanye kazi haraka. Gesi ikizidi kupanda, kichwa huuma, moyo huenda mbio, usingizi mzito huja, mtu huanza kuchanganya mambo, na mwisho hupoteza fahamu. Fikiria sasa kwamba mtu huyo anatakiwa kusoma namba, kubonyeza swichi kwa mpangilio na kuelekeza chombo duniani bila kukosea.

Nikae hapa kidogo, maana kila msimu wa baridi tunasoma habari za watu waliolala na jiko la mkaa chumbani wasiamke, na wengi huambiwa eti ni hewa ile ile. Siyo. Mkaa hutoa kabonimonoksaidi, na ubaya wake ni kwamba mwili hauna kengele ya kuitambua. Kabonidayoksaidi hukufanya uhangaike kutafuta hewa. Kabonimonoksaidi hung'ang'ania kwenye chembe nyekundu za damu na kuchukua nafasi ya oksijeni, nawe unaweza kuhisi kuzama usingizini tu. Haina harufu wala rangi. Jiko lililokolea moto na lisilotoa moshi hata kidogo bado linaitoa, kwa hiyo litolewe nje kabla ya kulala.

Turudi Aquarius. Ndani ya vyombo vile gesi iliondolewa kwa mikebe yenye lithiamu haidroksaidi, kemikali inayoinasa kabonidayoksaidi na kuigeuza chumvi na maji. Mikebe ya Aquarius ilihesabiwa kwa mapafu ya watu wawili. Odyssey ilikuwa na mikebe mingi ambayo haijaguswa, lakini vyombo hivyo viwili vilitengenezwa na kampuni mbili tofauti: mikebe ya Odyssey ilikuwa ya mraba, matundu ya Aquarius yalikuwa ya duara. Shida ndogo ya fundi, ya aina inayompata mtu yeyote aliyenunua koki isiyoingia kwenye bomba lake, safari hii ikiwa na roho za watu watatu ndani yake.

Ed Smylie, aliyesimamia wahandisi wa vifaa vya kuhifadhi uhai, alianza kulifikiria tatizo hili usiku ule ule wa mlipuko. Wakaunganisha mkebe wa mraba na mpira wa suti ya mwanaanga, wakaufunika kwa mfuko wa plastiki uliotanuliwa na karatasi ngumu kutoka jalada la kitabu cha ratiba, wakaufunga kwa tepu pana. Soksi nayo ilipata kazi. Maelekezo yalisomwa kwa redio hatua kwa hatua kwa muda wa saa moja hivi, na aliyeyasoma ni Joseph Kerwin, mwanaanga aliyekuwa pia daktari. Nadhani sauti ya tabibu ilifaa kuliko nyingine yoyote kwa kazi ile. Wakati huo kipimo cha kabonidayoksaidi kilikuwa kimepanda zaidi ya mara 40 ya kiwango cha hewa ya kawaida. Kifaa kilipowashwa, mshale ulianza kushuka, na ukashuka hadi karibu na sifuri.

Filamu inaweka ugomvi mkali kati ya Haise na Swigert katika saa hizo. Kitabibu si jambo la ajabu, kwa kuwa kichwa kinachouma na hewa nzito humfanya mtu kuwa mwepesi wa hasira. Lakini wanaanga wenyewe walisema haukutokea. Ule utulivu wao wa kweli ndio ningependa kuuona kwenye skrini, maana kubaki mpole katika hewa ya namna hiyo ni kazi ngumu kuliko kufoka. Mahali ambapo filamu haikudanganya ni kuelea: waigizaji walirushwa kwa ndege ya NASA iliyopanda na kuteremka ghafla, kila mara wakipata sekunde zisizofika 30 za kutokuwa na uzito.

Hewa ilipopona, mwili ulikuwa na madai mengine. Umeme ulibanwa, joto ndani ya Odyssey likashuka hadi kama nyuzi 3 za Selsiasi, kuta zikalowa matone ya maji. Maji ya Aquarius yalihitajika kupoza mitambo, kwa hiyo kila mtu akajipimia chini ya robo lita kwa siku. Mtu anayekaa tu nyumbani huhitaji mara nyingi zaidi ya hapo. Juu ya hayo waliambiwa wasimwage mkojo nje, kwa sababu hata msukumo wake mdogo ungeweza kuupotosha mwelekeo wa chombo. Wakawa wanauhifadhi kwenye mifuko, na wakazidi kuogopa kunywa.

Haise ndiye aliyelipa zaidi. Alipata UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, homa ikapanda, na tunamwona kwenye filamu, akiigizwa na Bill Paxton, akitetemeka huku Lovell akimkumbatia kumpa joto. Mkojo ni maji ya kusafishia njia yake yenyewe. Ukitoka kwa wingi unawasomba vijidudu kabla hawajajenga makao. Ukiwa mchache na mzito, wanabaki na kuzaliana. Lovell peke yake alipungua zaidi ya kilo 6 katika siku zile sita. Walitua kwenye Pasifiki ya Kusini tarehe 17 Aprili, wamechoka, hai.

Kuna mtu mmoja ambaye ugonjwa ulimwondoa kwenye safari hii kabla haijaanza. Ken Mattingly alifanya mazoezi na Lovell na Haise kwa miezi mingi. Siku chache kabla ya kuruka, mwenzao wa kikosi cha akiba, Charles Duke, akaugua rubela. Hii si surua, ingawa vipele vyake vinafanana na vya surua, na siku hizi watoto wetu huchanjwa magonjwa yote mawili kwa sindano moja, tangu 2014 Tanzania na 2016 Kenya. Kwa mtu mzima mara nyingi rubela ni homa nyepesi tu. Ukali wake ni kwa mjamzito, kwani mtoto anaweza kuzaliwa kiziwi, au na mtoto wa jicho, au na kasoro ya moyo. Hofu ya madaktari wa NASA ilikuwa kalenda: virusi hukaa mwilini wiki mbili hadi tatu kabla ya vipele kutoka. Damu ya Lovell na ya Haise ilionyesha kinga. Ya Mattingly haikuwa nayo, na hesabu ilionyesha angeweza kuugua akiwa karibu na mwezi. Swigert akachukua nafasi yake.

Mattingly hakuugua. Wakati wa hatari alikuwa Houston, akisaidia kutafuta namna ya kuiwasha tena Odyssey kwa umeme kidogo uliobaki. Aprili 1972 zamu yake ikafika, na Apollo 16 ikampeleka. Alizunguka mwezi peke yake ndani ya chombo kikuu wakati wenzake wawili wakitembea chini. Mmoja wa hao wawili alikuwa Charles Duke.