Mgagani: Lishe Isimwagwe na Maji

Mvua zikianza, mgagani huota wenyewe kandokando ya zizi, penye samadi na majivu, hata katikati ya mahindi. Asiyeujua huung'oa kama gugu. Anayeujua huchuma majani yake, ambayo aghalabu huwa vijani vitano katika kikonyo kimoja, akayapeleka jikoni. Wakisii huuita chinsaga, Wajaluo akeyo, na kwa miaka mingi umekuwa mboga ya mzazi aliyetoka kujifungua.

Heshima hiyo ina sababu. Gramu 100 za majani mabichi huwa na takriban miligramu 288 za kalsiamu, zaidi ya maradufu ya kiasi kilicho katika maziwa ya ng'ombe ya uzito huo. Madini ya chuma hufikia kama miligramu 6, na protini hukaribia gramu 5.

Kisha kuna antioksidanti. Mwili unapotumia oksijeni kupata nguvu, huzalisha molekuli zisizotulia, ambazo zikizidi hudhuru seli. Vitamini C, karotini na flavonoidi zilizomo kwenye mgagani huzituliza. Hata uchungu unaowafanya watoto wakunje uso hutokana kwa sehemu na kemikali za fenoli, ambazo nazo ni antioksidanti.

Tatizo huanzia kwenye sufuria. Ili kuupunguza uchungu huo, wengi huchemsha majani kwa muda mrefu, kisha humwaga maji. Vitamini C huharibiwa na joto na huyeyuka majini, hivyo nyingi hupotea. Mapishi ya magharibi mwa Kenya yana njia nyingine: mboga hupikwa kwa maziwa, au huchanganywa na mnavu. Mafuta ya maziwa husaidia mwili kufyonza karotini na kuigeuza kuwa vitamini A.

Watafiti nao wameugeukia. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta ametumia miaka mingi kuzitetea mboga za asili, na huko Arusha, Kituo cha Mboga Duniani huhifadhi na kuboresha mbegu za mgagani.

Hata hivyo, mgagani ni chakula, si dawa. Majaribio mengi ya antioksidanti zake yamefanyika maabarani, kwa hiyo mgonjwa asiache dawa zake kwa sababu ya mboga. Upike kwa maji kidogo, usiyamwage, kamulia ndimu mezani ili chuma kifyonzwe vyema, na chai isubiri kama saa moja baada ya mlo.